Blondie walipiga msasa, mti ni ule ule

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wako wa burudani kuhusu albamu ya 'Parallel Lines' ilimshawishi msomaji kwamba mwaka 1978 bendi ya Blondie iliugeuzia muziki wa panki mgongo ikakimbilia disko na pesa za redio. Shutuma hiyo ni ya zamani. Ilianza kusemwa kwenye baa za New York kabla wino wa jalada haujakauka, na imerudiwa tangu hapo bila mtu kujisumbua kuuliza albamu yenyewe ilitengenezwaje. Ukiifuata studioni, ala kwa ala, unakuta nyimbo za jukwaani zilizopigwa msasa kwa muda mrefu na kwa uchungu mwingi. Mti haukubadilishwa.

Kwanza hilo neno panki. Wasomaji wengi wakilisikia wanawaza vijana wa London wenye nywele za miiba na pini shavuni. Blondie hawakutoka huko. Walitoka CBGB, baa nyembamba na chafu namba 315 mtaa wa Bowery, Manhattan, iliyofunguliwa na Hilly Kristal mwishoni mwa 1973. Herufi za jina lake zilisimama badala ya country, bluegrass na blues, aina tatu za muziki ambazo baadaye hakuna aliyekwenda pale kuzisikiliza. Sharti kubwa la Kristal kwa bendi lilikuwa moja: leteni nyimbo zenu wenyewe. Basi. Hakusema zipigwe haraka, wala zipigwe vibaya.

Ndiyo maana jukwaa lile moja liliwabeba Television, waliopiga magitaa mawili yakijibizana kwa dakika kumi, na Ramones, ambao albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 katika dakika 29 hivi. Liliwabeba pia Patti Smith na mashairi yake, na Talking Heads waliovaa kama makarani. Jina la panki lilishika kwa nguvu ya jarida la vijana lililoitwa Punk, lililoanza Januari 1976 mjini humo humo. Jina la "wimbi jipya" lilisukumwa na wauzaji, hasa Seymour Stein wa kampuni ya rekodi ya Sire, kwa sababu vituo vya redio vya Marekani viliogopa neno panki. Bendi zilikuwa zile zile, ila lebo kwenye boksi ndiyo iliyobadilishwa. Mwandishi wako alizitumia lebo hizo mbili kana kwamba ni makabila mawili yenye mpaka katikati.

Sasa Blondie wenyewe. Mwimbaji Debbie Harry na mpiga gitaa Chris Stein walianzisha kundi 1974 baada ya kutoka kwenye kundi la Stilettoes. Mpiga dramu Clem Burke aliingia 1975, kisha Jimmy Destri akaja na kinanda cha Farfisa, kile chenye sauti nyembamba ya kupigia pua inayokumbusha miaka ya sitini. Albamu yao ya kwanza ilitoka Desemba 1976 chini ya prodyuza Richard Gottehrer, mmoja wa watunzi wa "My Boyfriend's Back", wimbo uliovuma 1963 kwa sauti za wasichana. Hebu litazame hilo tena. Bendi ya Bowery, katika mwaka wenyewe wa panki, ilirekodiwa na mtu aliyetoka kwenye kiwanda cha nyimbo tamu za vijana, na hakuna aliyelalamika. Utamu ulikuwa ndani ya sufuria tangu mwanzo. Uliungua kidogo tu, kwa sababu studio ilikuwa ya haraka na ya bei nafuu.

Na disko? Wimbo uliowatia Blondie matatani ni "Heart of Glass". Harry na Stein walikuwa nao tangu 1975. Rekodi ya majaribio ya mwaka huo ipo, ikiitwa "Once I Had a Love", na wenyewe kwa wenyewe waliuita "wimbo wa disko". Waliujaribu kwa mwendo wa pole, wakaujaribu kwa rege, haukukaa. Zaidi ya hapo, Mei 1978, kabla ya kuingia studio, Blondie walipanda jukwaa la CBGB kwenye tamasha la kumchangia mpiga dramu Johnny Blitz wa Dead Boys, aliyekuwa amechomwa kisu, wakapiga "I Feel Love" ya Donna Summer huku Robert Fripp akiwa nao kwenye gitaa. Mahali penyewe panapodaiwa kusalitiwa ndipo disko lilipopigwa, mbele ya watu wenyewe.

Kilichobadilika 1978 ni mtu aliyekaa upande wa pili wa kioo cha studio. Mike Chapman, Mwaustralia aliyekuwa ametunga na kurekodi nyimbo nyingi zilizovuma Uingereza za Sweet, Mud na Suzi Quatro, aliajiriwa na kampuni ya Chrysalis. Aliingia na bendi kwenye studio za Record Plant, New York, mwezi Juni. Walitoka baada ya wiki sita wakiwa na nyimbo 12 zenye urefu wa dakika 39 hivi.

Kazi ya Chapman inaeleweka ukijua tatizo alilolikuta, tatizo linalojulikana na kila fundi mitambo aliyewahi kurekodi bendi iliyolelewa na jukwaa. Bendi ya jukwaani hukimbia. Inaanza wimbo kwa kasi moja, inafika kwenye kiitikio imeongeza, inarudi kwenye ubeti haijapunguza yote, na mwisho wa dakika tatu iko mbele kabisa ya pale ilipoanzia. Ukumbini hilo ni raha, kwa sababu msikilizaji naye damu imemchemka. Kwenye santuri, mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti chake, linasikika kama gari lisilo na breki. Clem Burke alikuwa mwanafunzi wa mtindo wa Keith Moon, mpiga dramu wa The Who: mikono haitulii, kila mwisho wa mstari ana kijazio, yaani mapigo ya ziada ya kuziba nafasi, na kijazio ndipo mpigaji anapokimbia zaidi. Anapitiwa na furaha anatua kwenye pigo la kwanza mapema. Mpiga besi anamfuata, gitaa linachelewa nusu hatua, na sauti nzima inapata ukungu. Watu huuita ukungu huo nguvu ya panki. Mara nyingi ni ala nne zinazogusa pigo moja kwa nyakati nne tofauti.

Dawa yake haina uchawi: kurudia. Unarekodi msingi wa dramu na besi, unasikiliza, unaupiga tena. Gitaa unalitia sauti sawa kabla ya kila jaribio, wala hungoji likupotee. Chapman aliwatoa jasho kwa namna hiyo, na si wote waliofurahi. Lakini angalia ambacho hakukifanya. Hakuleta wapigaji wa kukodi, na wakati ule kampuni za Marekani zilifanya hivyo bila aibu. Vijazio vya Burke havikukatwa, vimo karibu kila wimbo, ila sasa vinatua mahali pake. Hata nyimbo ziliachwa fupi. Gawanya dakika 39 kwa nyimbo 12 upate wastani wa dakika tatu na robo, nao huo si urefu wa ukumbi wa disko.

"Heart of Glass" ndio mfano ulio wazi kuliko yote, kwa hiyo niukalie kidogo. Kutayarisha msingi wa midundo peke yake kulichukua zaidi ya saa 10. Chini kabisa kuna mashine ya midundo ya Roland CR-78, boksi dogo lenye vitufe na mitindo iliyowekwa kiwandani: bosanova, rumba, mambo na mingineyo. Sifa yake moja ni kwamba ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mitindo miwili inapigwa kwa mpigo. Ule mlio wa vikombe na vijiti unaofungua wimbo ni mitindo ya mambo na beguine ikiwa imerundikwa. Mashine kama hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mzee anayepiga kinanda sebuleni peke yake. Kuiweka mbele ya mpiga dramu halisi wa bendi ya rock lilikuwa jambo geni mno mwaka 1978.

Na ugumu wake unahesabika. Wimbo unakwenda mapigo 115 hivi kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde 0.52. Mashine haichoki wala haisisimki. Mguu wa binadamu ukitua sekunde 0.03 pembeni ya mashine, sikio linaacha kusikia pigo moja, linasikia mawili: "ta-ka" badala ya "ta". Likitokea mara moja linapita. Likitokea kila pigo la nne, wimbo wote unachechemea na msikilizaji hajui kwa nini mguu wake umekataa kucheza. Ndiyo maana dramu zilirekodiwa vipande vipande badala ya seti nzima kwa pamoja, dramu ya mguu ikitangulia peke yake juu ya mashine, kisha nyingine zikafuata. Kwa mpigaji hilo ni adhabu. Mpiga dramu hulinganisha mguu kwa kuusikia mkono, na mkono kwa kuusikia mguu. Ukimnyang'anya kiungo kimoja anapoteza mizani, anaanza kuhesabu kichwani, na anayehesabu kichwani huchelewa.

Kinanda nacho kilitaka kufungwa kwenye kamba hiyo hiyo. Lugha ya pamoja ya ala za umeme, MIDI, ilikuja 1983. Mwaka 1978 kulikuwa na njia ya kienyeji: CR-78 ilikuwa na tundu la kutoa mapigo ya umeme, na waya ukitoka hapo kwenda kwenye sinthesaiza uliweza kuisukuma itetemeke sambamba na midundo. Hakukuwa na skrini ya kuonyesha nani yuko mbele na nani yuko nyuma, wala kitufe cha kusogeza kosa mahali pake. Kosa likitokea tepu inarudishwa nyuma, sehemu inapigwa upya. Kijana wa studio ya leo, hapa Dar es Salaam au Nairobi, anayeanza na biti kwenye kompyuta kisha anaita sauti, anatembea kwenye njia ambayo watu wale waliifyeka kwa panga butu.

Sasa, mle ndani ya usafi wote huo sikiliza sehemu ya katikati, pale sauti ya Harry inapokaa kimya na ala zikabaki. Hesabu mapigo. Unategemea 8, halafu mahali fulani unaangukia 7. Mchezaji wa disko anayehesabu hatua anakanyaga hewa. Mtu anayetafuta pesa za ukumbi wa dansi hapunguzi pigo katikati ya wimbo wa kuchezwa. Hiyo ni tabia ya Bowery, ya watu waliozoea kumtegea msikilizaji mtego mdogo na kuangalia kama atauona. Mashairi nayo ni ya mwanamke anayesimulia penzi lililokufa kwa sauti baridi, bila kulia wala kuomba arudiwe, na ndani yake kuna neno chafu la mtaani ambalo vituo kadhaa vya Marekani vilipewa toleo lisilokuwa nalo. Chris Stein alikuwa na masikio Ujerumani, kwa kundi la muziki wa umeme la Kraftwerk, kama alivyokuwa nayo kwenye kumbi za disko.

Nyimbo nyingine nitazipitia kwa haraka. "Hanging on the Telephone", inayofungua albamu, ni ya Jack Lee, iliyotolewa 1976 na kundi lake la The Nerves, vijana watatu wa California waliojiuzia santuri yao wenyewe. Blondie waliichukua karibu ilivyo, wakaiongezea mlio wa simu ya Uingereza mwanzoni na dramu zilizokaza. Weka matoleo hayo mawili bega kwa bega, ndilo somo fupi kuliko yote la msasa ni nini: maneno yale yale, urefu unakaribiana, lakini la pili lina kingo. "Will Anything Happen?" nayo ni ya Jack Lee. "One Way or Another" inamhusu mtu anayekuandama mpaka dukani, imejengwa juu ya gitaa moja korofi, na inaishia kwenye ving'ora. "I Know But I Don't Know" ya Frank Infante, mpiga gitaa wa Blondie, ingeweza kupigwa CBGB 1976 bila kubadilishwa hata uzi mmoja wa gitaa. "Fade Away and Radiate" haina haraka yoyote, na gitaa la Fripp linaipita kama taa ya gari ukutani usiku. Kwangu mimi ndio wimbo bora wa albamu nzima, ingawa najua wengi watasema "Sunday Girl".

Msomaji anayetaka kuhakikisha kwa masikio yake ajihadhari na jambo moja, ambalo makala yako haikuligusa. "Heart of Glass" haiko sawa kwenye kila nakala ya albamu. Nakala za kwanza kabisa za Septemba 1978 zina toleo lisilofika dakika 4. Wimbo ulipovuma, matoleo yaliyofuata yaliwekewa lile refu la ukumbini, la karibu dakika 6, na nakala hizo ndizo zilizosambaa sana. Mtu akiisikia hiyo ndefu halafu akasema albamu imezama kwenye disko, anahukumu kitu kilichobandikwa baadaye. Toleo la 2001 liliongeza rekodi ya awali ya wimbo huo chini ya jina lake la zamani. Anza na hiyo ya awali. Kisha sikiliza ule mfupi kwa spika za masikioni, ufuatilie dramu ya mguu peke yake toka mwanzo hadi mwisho, usijali sauti ya mwimbaji. Mara ya pili fuatilia matuazi. Mara ya tatu ndiyo umsikilize Harry, namna alivyojirekodi juu ya sauti yake mwenyewe ile ya juu ikawa kama moshi nyuma ya ile ya chini. Usitumie spika ya simu. Besi ya Nigel Harrison haimo humo kabisa, na bila besi utasikia sukari tupu.

Kuna na suala la mpangilio. Kama albamu ingekuwa imetengenezwa kwa ajili ya kuuza disko, wimbo wa disko ungefungua upande wa kwanza. "Heart of Glass" ni wa nne upande wa pili, yaani wa kumi kati ya 12, mahali ambapo bendi huweka vitu ambavyo haina uhakika navyo. Singo ya kwanza Marekani ilikuwa "I'm Gonna Love You Too", wimbo wa zamani wa Buddy Holly, ukaanguka. Uingereza walitanguliza "Picture This", kisha "Hanging on the Telephone" ikafika namba 5. Ndipo Januari 1979, miezi minne baada ya albamu kutoka, ukaja ule wa kumi. Mwezi Februari ulikuwa namba 1 Uingereza, na mwezi Aprili namba 1 Marekani. Albamu nayo ilishika namba 1 Uingereza na ikafika namba 6 Marekani. Mwandishi wako aliyapanga matukio haya kinyume, mafanikio yakatangulia na nia ikafuata.

Mwisho ni maelezo ya picha. Mliandika chini ya picha ya Debbie Harry kwamba "Blondie" anaonekana mwaka 1978. Kosa hilo liliwaudhi sana wenzake enzi hizo, hata zikatengenezwa beji za kuwakumbusha watu kwamba Blondie ni kundi. Kwenye jalada la 'Parallel Lines' wako sita: yeye kwa gauni jeupe, amekunja uso, na wanaume watano kwa suti nyeusi wakitabasamu mbele ya mistari myeusi na myeupe. Wazo la tabasamu lilikuwa la meneja wao, na bendi hawakulipenda. Clem Burke, aliyefariki Aprili 2025, yumo kati ya hao watano. Naomba mrekebishe.

Wako,
Msomaji na fundi mitambo ya sauti,
Dar es Salaam